Hipnosisi ni hali maalumu ya fahamu, au ni mtu tu anayeitikia anachoambiwa?

#1 Mwanafunzi_Njoro

Hamjambo wanajukwaa. Nadai, na niko tayari kukosolewa, kwamba miaka zaidi ya 180 tangu James Braid achapishe kitabu chake mwaka 1843, wanasayansi bado hawajakubaliana ni kitu gani hasa wanachokichunguza wanaposema wanachunguza hipnosisi. Nasomea unasihi na saikolojia huku Njoro, na juma lililopita darasa letu liligawanyika vipande viwili juu ya swali hili, kila upande ukiwa na fasili yake rasmi mkononi.

Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani kina Kitengo cha 30 kinachoshughulikia hipnosisi. Mwaka 1993 kitengo hicho kilisema kuwa hipnosisi ni utaratibu ambao mtaalamu wa afya au mtafiti anautumia kumpendekezea mtu apate mabadiliko katika hisia, mawazo au mwenendo wake. Mwaka 2014 kitengo hicho hicho kikasema kuwa hipnosisi ni hali ya fahamu ambamo umakini umeelekezwa mahali pamoja, mambo ya pembeni hayatambuliwi sana, na uwezo wa kuitikia mapendekezo umeongezeka. Fasili ya kwanza inaeleza kazi ambayo mtu mmoja anaifanya mbele ya mwenzake. Ya pili inaeleza jambo linalotokea kichwani mwa mmoja wao. Naona haziwezi zote mbili kuwa sahihi. Nyinyi mnasemaje?

#2 Baba_Shiro

Hali hiyo ipo, na wakazi wa Nakuru hatuhitaji kamati ya Wamarekani kutuhakikishia. Jirani yangu aliguswa begani na kijana nadhifu karibu na steji, wakazungumza kidogo, kisha akaenda kwa miguu yake mwenyewe mpaka kwa wakala, akatoa akiba yote aliyokuwa nayo kwenye simu na kuikabidhi. Anasema alikuwa kama mtu aliyelala huku macho yako wazi. Kama huo si usingizi wa hipnosisi, nielezwe ni nini.

#3 Nyar_Kisumu

Baba Shiro, mpe jirani pole zetu, lakini kuna mambo mawili ya kurekebisha kabla uzi haujaenda mbali.

Kwanza, hipnosisi si usingizi. Mtu aliye katika hipnosisi akipimwa mawimbi ya ubongo, haonekani kama mtu aliyelala. Mwaka 1976 Éva Bányai na Ernest Hilgard waliwapandisha watu kwenye baiskeli ya mazoezi isiyosogea, wakawataka wakanyage kwa nguvu macho yakiwa wazi, huku wakiwapa mapendekezo ya kuwa macho na wachangamfu badala ya kulegea na kusinzia. Watu hao waliitikia mapendekezo yaliyofuata karibu sawasawa na wale waliotulizwa kwenye kiti kwa njia ya kawaida. Usingizi wa namna gani huo unaokanyaga baiskeli?

Pili, hakuna ushahidi kwamba kumgusa mtu begani kunamfanya atii amri zinazopingana na nia yake. Matapeli wa steji wana silaha kongwe zaidi: ahadi ya faida kubwa, haraka ya kumnyima mtu nafasi ya kufikiri, na mwenzao anayejitokeza kama mpita njia ili kuthibitisha uongo. Na wale wanaowekewa "mchele" kwenye vinywaji wamelishwa dawa, jambo ambalo ni la polisi na hospitali.

#4 JaKondele

Sasa nimeelewa kwa nini bodaboda fulani hapa Kondele hunibeba kwa kasi ile bila kusikia hata neno moja ninalomwambia. Wanasayansi waje wampime, nauli nitawalipia mimi.

#5 Mwalimu_Mstaafu

Mulembe wote. Vijana, swali hili ni la zamani kuliko Braid. Mwaka 1784 Mfalme Louis wa 16 wa Ufaransa aliunda tume kuchunguza madai yaliyoanzishwa na Franz Anton Mesmer, daktari aliyeamini kwamba kuna umajimaji usioonekana unaopita katika miili yote, na kwamba yeye aliweza kuuelekeza kama sumaku ili kuponya maradhi. Katika tume hiyo walikuwamo Benjamin Franklin, aliyekuwa mwakilishi wa Marekani huko Paris, mwanakemia Antoine Lavoisier, na daktari Joseph Guillotin, ambaye jina lake lilikuja kubandikwa kwenye mashine ya kukata vichwa, ile ile iliyokiondoa kichwa cha Lavoisier mwaka 1794.

Jaribio lao moja ningependa lifundishwe katika kila shule. Mvulana wa miaka 12 alifungwa kitambaa machoni, akapelekwa kwenye bustani ya Franklin huko Passy, ambako mti mmoja ulikuwa umetiwa hiyo nguvu na Deslon, mwanafunzi wa Mesmer. Kijana alikumbatia mti wa kwanza, wa pili na wa tatu, akitokwa jasho na kulalamika kichwa kinauma, na kwenye mti wa nne akazimia. Mti wenyewe hakuufikia kamwe. Tume ikahitimisha kwamba kilichofanya kazi ni mawazo ya mgonjwa, kwa maana umajimaji haukuonyesha dalili yoyote ya kuwepo.

Baada ya hapo akaja Braid, Mwingereza wa Manchester, akasema ni usingizi wa neva, kisha Charcot huko Paris akakubaliana naye kwamba ni usingizi.

#6 Mpenda_Nyaraka

Ahsante kwa historia, mwalimu, ila nyaraka zinakataa sentensi yako ya mwisho. Braid alikuwa Mskoti aliyefanya kazi ya upasuaji Manchester, na miaka michache tu baada ya kitabu chake aliachana na maelezo ya usingizi, akashikilia kwamba jambo kuu ni akili kutekwa na wazo moja. Charcot, katika hospitali ya Salpêtrière, alifundisha kwamba hipnosisi inahusiana na ugonjwa wa histeria na ina hatua zake tatu za kimwili. Waliompinga walikuwa Liébeault na Bernheim wa mji wa Nancy, waliosema kuwa hata watu wazima wa afya huingia katika hipnosisi, na kwamba zile hatua tatu zilitokana na wagonjwa wa Paris kujua daktari wao anatarajia kuona nini. Nancy walishinda. Kwa hiyo ugomvi wa darasa la Njoro ulikwisha kupiganwa Ufaransa katika miaka ya 1880, kwa maneno karibu yale yale.

#7 Mwalimu_Mstaafu

Manchester ni Manchester, kijana wangu. Endeleeni.

#8 Mkaidi_wa_Milimani

Nitashika upande ambao haupendwi. Hakuna hali maalumu. Theodore Sarbin aliliona hili mwaka 1950 alipoeleza hipnosisi kama mtu kuchukua nafasi anayoijua na kuiishi kwa dhati. Theodore Barber akaonyesha kwamba ukiwahimiza watu vizuri, bila utangulizi wowote wa kuwalegeza, wanafanya mengi ya yale yaliyodhaniwa kuwa ya hipnosisi peke yake. Na Nicholas Spanos akaendeleza kazi hiyo mpaka kifo chake mwaka 1994. Irving Kirsch naye anasema kwamba mtu anayetarajia kwa yakini kuwa mkono wake utainuka wenyewe, atauona ukiinuka wenyewe.

Hebu tazameni kisa cha Amir Raz. Katika jaribio la Stroop, mtu anaonyeshwa neno "nyekundu" lililoandikwa kwa wino wa kijani, akatakiwa ataje rangi ya wino. Kila msomaji husitasita, kwa sababu kusoma kunajifanya kwenyewe. Mwaka 2002 Raz na wenzake walionyesha kwamba watu wenye uwezo mkubwa wa kuitikia, wakipewa pendekezo la hipnosisi kuwa maneno hayo ni alama zisizo na maana, usumbufu huo unapungua mno. Watu wakashangilia kwamba hali maalumu imepatikana. Mwaka 2006 Raz, safari hii akiwa pamoja na Kirsch, akatoa pendekezo lile lile bila kumwingiza mtu katika hipnosisi kwanza, na usumbufu ukapungua vilevile. Sasa hali maalumu ilikuwa imekwenda wapi siku hiyo?

#9 Nyar_Kisumu

Mkaidi, mimi ni mtaalamu wa nusukaputi, na kwangu maumivu ndiyo hakimu. Mwaka 1997 Pierre Rainville na wenzake walichapisha utafiti ambamo watu waliingiza mkono katika maji yenye joto la kuumiza huku ubongo wao ukipigwa picha. Mapendekezo yalihusu kero ya maumivu tu, yaani yaongeze au yapunguze jinsi maumivu yanavyochukiza, bila kugusa ukali wake. Sehemu ya ubongo iitwayo singuleti ya mbele ilipanda na kushuka kufuatana na kero hiyo, ilhali sehemu inayopokea hisia za mwili haikubadilika kwa namna hiyo. Mtu anayeigiza anaweza kuniambia kwamba haumii, lakini siamini anaweza kuuagiza ubongo wake ubadilike mahali mahususi kiasi hicho.

Na tangu mwaka 1992 huko Liège, Ubelgiji, Marie-Elisabeth Faymonville na timu yake wamewafanyia maelfu ya wagonjwa upasuaji, ukiwamo wa tezi ya shingo, kwa hipnosisi pamoja na ganzi ya mahali na dawa kidogo za kutuliza, pasipo nusukaputi kamili. Nasisitiza neno "pamoja", kwa sababu kuna watu wanaosimulia habari hiyo kana kwamba ganzi haikutumika.

#10 Mkaidi_wa_Milimani

Sijasema wanaigiza. Nimesema hakuna hali ya pekee inayohitajika ili hayo yatokee. Kidonge kisicho na dawa nacho hupunguza maumivu na kubadilisha ubongo, na hakuna anayesema mmezaji ameingia katika hali nyingine ya fahamu.

#11 Takwimu_Maseno

Naona pande zote mbili zinarukia ubongo kabla ya kuuliza nani anapimwa. Kipimo cha Stanford, Fomu C, kilichotolewa na Weitzenhoffer na Hilgard mwaka 1962, kina mambo 12 ambayo mtu anajaribiwa nayo, yakianza na mepesi kama mkono kushuka wenyewe, hadi magumu kama kutosikia harufu kali ya amonia. Moja ya hayo ni kuambiwa kwamba kuna mbu anayekuzunguka, ili ionekane kama utamsikia na kumfukuza. Wengi wetu tunaangukia katikati. Wachache huitikia karibu kila jambo, na wachache wengine hawaitikii karibu lolote.

Jambo linalonisumbua ni hili. Mwaka 1989 Piccione, Hilgard na Zimbardo walichapisha matokeo ya watu 50 waliopimwa upya baada ya miaka 25, na uwiano kati ya alama za kwanza na za mwisho ulikuwa 0.71, ambapo 1 ni kulingana kabisa na 0 ni kutohusiana. Matarajio ya mtu, imani yake na utayari wake wa kumpendeza mtafiti hubadilika sana kati ya ujana na utu uzima. Mbona alama hizi hazikubadilika sana? Hata hivyo, ushahidi huo haumpi Nyar Kisumu ushindi, kwa sababu kinachodumu miaka 25 ni uwezo wa mtu, na uwezo si sawa na hali. Braffman na Kirsch walionyesha mwaka 1999 kwamba ukimpima mtu huyo huyo bila utangulizi wa hipnosisi, kisha ukampima pamoja nao, utangulizi unaongeza kidogo tu.

#12 JaKondele

Swali la mbu liondolewe kwenye kipimo kinachotumika Kisumu. Huku tutapata alama kamili sote, na tutakuwa tumesema ukweli.

#13 Wakili_Kijana

Nimefuatilia kimya mpaka hapa. Msidhani fasili ni michezo ya wasomi, kwa maana mahakamani imeamua hatima za watu. Huko Marekani polisi walikuwa wakiwatumia watu wa hipnosisi ili mashahidi "wakumbuke" zaidi, kwa dhana kwamba kuna hali ambamo kumbukumbu zilizofichika hufunguka. Mwaka 1982 Mahakama ya Juu ya California iliuzuia ushahidi wa aina hiyo katika kesi ya Shirley, na mwaka 1985 Chama cha Madaktari wa Marekani kikaeleza kwamba kumbukumbu zinazotolewa hivyo kwa jumla huaminika kidogo kuliko za kawaida, huku shahidi mwenyewe akiweza kuongezewa uhakika katika mambo ya uongo. Mwaka 1987, katika kesi ya Rock dhidi ya Arkansas, Mahakama ya Juu ya nchi nzima ikasema kwamba mshtakiwa anayejitetea hawezi kuzuiwa moja kwa moja kutoa ushahidi wake kwa sababu tu aliwahi kuwekwa katika hipnosisi.

Mtu akiamini kwamba hipnosisi ni hali ya kufungua akili, atautafuta ushahidi humo. Akiamini kwamba ni mtu kuitikia mapendekezo, ataukimbia.

#14 Mama_Kwaya

Samahani kwa kuingilia wasomi. Katika mikutano ya injili watu wanawekewa mkono, wengine wanaanguka chini na wengine wanabaki wamesimama, ingawa wote wamesikia mahubiri yale yale. Mimi nimesimama kila mara, na nimeitwa mgumu wa moyo kwa sababu hiyo. Je, yale maelezo ya ndugu Mkaidi kuhusu matarajio yananihusu, au mimi ni wa wale wachache wa Takwimu wasioitikia karibu lolote?

#15 Takwimu_Maseno

Mama, kuanguka mkutanoni hakumo katika kipimo, kwa hiyo sitaki kukuwekea alama kutoka mbali. Ila swali lako limegusa mahali penyewe, kwa sababu nadharia ya matarajio inapaswa kueleza kwa nini watu wawili wanaotarajia jambo moja kwa nguvu sawa wanaishia tofauti. Matarajio hueleza sehemu ya tofauti ya alama, hayaielezi yote. Na ugumu wa moyo haumo kati ya vile tunavyovipima.

#16 Baba_Shiro

Mama Kwaya, usimwendee yule kijana wa steji ili akupime.

#17 Msomaji_wa_Usiku

Kuna maelezo ya tatu ambayo hayajatajwa, na naona aibu kwa niaba ya uzi. Hilgard alisema kwamba fahamu hugawanyika: sehemu moja inafuata pendekezo, nyingine inaendelea kujua yanayotokea bila ya kwanza kuwa na habari. Alimweka mtu katika hipnosisi, akampendekezea kwamba hatahisi maumivu, akautia mkono wake kwenye maji ya barafu. Mtu akasema haumii. Kisha Hilgard akaiuliza "sehemu iliyofichika", nayo ikaripoti maumivu. Kwa wengi hilo lilikuwa thibitisho, mpaka Spanos alipobadilisha maagizo na kuwafahamisha watu kwamba sehemu iliyofichika ingehisi maumivu machache zaidi, nayo ikahisi machache zaidi. Ikawa sehemu iliyofichika nayo inaitikia mapendekezo.

Kwa maoni yangu, walio karibu zaidi na kiini ni Zoltan Dienes na Josef Perner, walioandika mwaka 2007. Wanasema mtu anayeinua mkono katika hipnosisi anaukusudia kabisa, ila hana utambuzi sahihi kwamba anakusudia. Nia ipo, ujuzi wa kuwa na nia ndio uliokosekana. Nadharia hii haihitaji usingizi wala fahamu iliyopasuka, na wakati huo huo haimfanyi mhusika kuwa mwigizaji, maana kwake mkono umeinuka wenyewe kweli. Jambo hilo, yaani kuhisi kwamba tendo limejitendea, karibu kila mtu katika mjadala huu analikubali. Wanagombania linatokana na nini.

#18 Mwanafunzi_Njoro

Nimefaidika sana. Lakini hakuna aliyenijibu kuhusu Kitengo cha 30. Ikiwa wataalamu wanajua kwamba nadharia hazijakubaliana, kwa nini fasili ya 2014 imechagua upande mmoja? Nimesoma kwamba walioiandika walitaka fasili fupi isiyofungamana na nadharia yoyote, kisha wakaanza na maneno "hali ya fahamu", ambayo ndiyo hasa yanayogombaniwa.

#19 Mkaidi_wa_Milimani

Hapo umenena. Steven Jay Lynn, Kirsch na wenzao waliandika mwaka 2015 kwamba fasili hiyo ni hatua ya kurudi nyuma. Na tazama tatizo lingine: mtu anayesoma riwaya mpaka hasikii akiitwa mezani ana umakini ulioelekezwa mahali pamoja na hatambui ya pembeni. Fasili inamruhusu aingie. Yule wa kwenye baiskeli ya Bányai, aliyeambiwa awe macho na mchangamfu, nina shaka kama inamruhusu.

#20 Nyar_Kisumu

Msomaji wa riwaya haongezewi uwezo wa kuitikia mapendekezo, na fasili inataka hilo pia. Soma mpaka mwisho. Tena fasili ya utaratibu ina kasoro yake. Mtu anayejifanyia hipnosisi nyumbani, bila mtaalamu wala mtafiti chumbani, anafanya nini? Na mtu asiyeitikia kabisa, akiketishwa na kusomewa maneno yote ya utangulizi, je, tuseme amepata hipnosisi kwa kuwa tu utaratibu ulifuatwa? Mgonjwa wangu akichomwa sindano ya ganzi na ganzi isishike, siandiki kwenye faili kwamba amekufa ganzi.

#21 Mpenda_Nyaraka

Ndiyo maana Michael Nash na Amanda Barnier, katika kitabu walichokihariri mwaka 2008, walitenganisha hipnosisi kama utaratibu na hipnosisi kama matokeo ya utaratibu. Mkaidi na Nyar Kisumu mnagombana huku kila mmoja akizungumzia nusu yake.

#22 Mkaidi_wa_Milimani

Kutenganisha ni sawa, lakini hakutuambii kama matokeo hayo ni hali ya pekee. Swali la mwanafunzi bado liko palepale.

#23 Nyar_Kisumu

Basi niambie, Mkaidi, ni tokeo gani la maabara litakalokufanya ukubali. Mwaka 2016 kundi la David Spiegel huko Stanford liliwapima watu 545, likachagua 57, yaani waitikiaji wa juu 36 na wa chini 21, na likawapiga picha za ubongo. Waitikiaji wa juu wakiwa katika hipnosisi walionyesha kupungua kwa shughuli katika sehemu ya juu ya singuleti ya mbele, na mabadiliko ya mawasiliano kati ya sehemu za ubongo zinazohusika na udhibiti na zile za mtu kujifikiria. Hilo halitoshi?

#24 Mkaidi_wa_Milimani

Halitoshi. Nataka alama ya ubongo inayotokea kwa waitikiaji wa juu baada ya utangulizi, isitokee kwa watu hao hao wanapopewa mapendekezo yale yale bila utangulizi, na isitokee kwa watu walioagizwa kuigiza, kama Martin Orne alivyotufundisha kuwatumia waigizaji wa kulinganisha. Tena alama hiyo itabiri nani ataitikia nini. Kuona kwamba ubongo umebadilika mtu akifanya jambo si habari. Ungekuwa muujiza kama usingebadilika.

#25 Takwimu_Maseno

Sharti la pili linaweza kukurudia, Mkaidi. Ikiwa waitikiaji wa juu wanaingia katika hali hiyo wenyewe mara tu wanaposikia pendekezo, bila kuhitaji utangulizi, alama itaonekana katika makundi yote mawili, na utasema hakuna hali, ilhali huenda ipo pande zote. Jaribio la Raz la 2006 linaweza kusomwa hivyo pia.

#26 Mkaidi_wa_Milimani

Likisomwa hivyo, hakuna matokeo yoyote yatakayoweza kuikanusha hiyo hali. Nipe njia ya kujua kwamba mtu ameingia humo isiyotegemea kwamba ameitikia.

#27 Nyar_Kisumu

Muulize mwenyewe alivyojihisi. Wagonjwa wangu ninawauliza.

#28 Mkaidi_wa_Milimani

Waulize na wale wa Mesmer.